Kulisha Familia kwa Gharama Nafuu Kisumu na Magharibi mwa Kenya: Anza na Kipimo

Katika nyumba nyingi za Kisumu na za miji iliyo karibu, kuanzia Kakamega hadi Busia na Homa Bay, fedha zinapopungua mwishoni mwa mwezi jambo la kwanza linalofikiriwa ni kupunguza chakula chenyewe: nyama inaondolewa, kisha maziwa, kisha kiamshakinywa. Ninaamini kwamba huko si mahali pa kuanzia. Fedha nyingi za chakula hupotea kabla ya sufuria kuinjikwa, katika kipimo tunachonunulia na katika mwezi tunaonunua, na familia inayorekebisha mambo hayo mawili mara nyingi huweza kuendelea kula ilivyozoea, pengine hata vizuri zaidi, bila kuongeza shilingi.

Kwa wiki moja, kabla hujabadilisha chochote, andika katika daftari kila kitu kinachonunuliwa kwa ajili ya jikoni, pamoja na kiasi chake na bei yake, ukijumuisha makaa, kiberiti, nauli ya kwenda sokoni na vile vitu vidogo ambavyo watoto hutumwa dukani kuvileta jioni. Wiki ikiisha, pitia daftari hilo ukiwa na swali moja: kilo moja ya kitu hiki, au lita moja, imenigharimu shilingi ngapi? Bei iliyobandikwa kwenye pakiti haijibu swali hilo, kwa sababu pakiti mbili zinazolingana kwa macho zinaweza kutofautiana kwa gramu nyingi. Ukimaliza, tia alama kwenye vitu vitatu au vinne vilivyonunuliwa mara nyingi zaidi, kisha vishughulikie hivyo kwanza na kuacha vingine vilivyo.

Namna ya kuondoka kwenye kadogo, yaani kununua kwa vipimo vidogo vidogo

Mafuta ya kupikia yanaonyesha jambo hili waziwazi. Tuseme duka la mtaani hukupimia mililita 50 kwa shilingi 20. Lita moja ina vipimo 20 vya namna hiyo, kwa hiyo lita hiyo umeinunua kwa shilingi 400. Ikiwa jerikeni la lita 5 la mafuta yaleyale linauzwa shilingi 1,500 kwenye duka la jumla, basi lita ni shilingi 300, na familia inayotumia lita tatu kwa mwezi inapoteza shilingi 300 kila mwezi kwa mafuta peke yake. Bei hizi nimezitoa kwa mfano tu. Weka za mtaa wako, kisha fanya hesabu hiyohiyo kwa sukari, majani ya chai, mchele na sabuni ya unga.

Anayenunua kadogo hafanyi hivyo kwa kutojua hesabu. Mwendesha boda au mfanyakazi wa mjengo anayelipwa kila jioni hana shilingi 1,500 mkononi kwa wakati mmoja, na kumwambia anunue kwa jumla bila kumwonyesha njia ni kumvunjia heshima. Njia ipo, ingawa ni ya polepole. Chagua bidhaa moja tu, mafuta kwa mfano, na uendelee kuinunua kadogo huku ukitenga kiasi kidogo kila siku mpaka upate bei ya jerikeni la kwanza, hata ikichukua miezi miwili. Siku jerikeni linapoingia nyumbani, usiache kulipa. Kila unapotumia kipimo cha mililita 50, tia kwenye mkebe zile shilingi 20 ulizokuwa ukimpa mwenye duka. Jerikeni la lita 5 lina vipimo 100, hivyo litakapokwisha mkebe utakuwa na shilingi 2,000. Utanunua jerikeni la pili kwa shilingi 1,500 na kubaki na shilingi 500, na hizo ndizo mtaji wa kutoa bidhaa ya pili, labda sukari, kwenye kadogo. Mkebe ukifunguliwa kwa ajili ya jambo lingine, hata mara moja, mzunguko huo hukatika, kwa hiyo ni vyema utunzwe na mtu mmoja anayeaminika nyumbani.

Kuna tahadhari moja inayohusu ununuzi wa jumla, nayo ni kwamba mafuta yakiwa mengi mpishi humimina bila kufikiri. Jerikeni lisikae jikoni. Mimina mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, weka jerikeni chumbani, na chupa ikiisha kabla ya wiki kuisha utajua papo hapo kwamba faida yote imeliwa.

Mahindi: mwezi wa kununua, gorogoro na gunia

Familia ya watu sita inayokula ugali kila jioni hutumia takriban kilo moja ya unga kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 90 huilisha karibu miezi mitatu. Hakuna kitu kingine jikoni chenye uzito wa namna hiyo katika bajeti, na ndiyo maana mahindi yanastahili kupangiwa mapema kuliko vyakula vingine vyote.

Katika ukanda wetu mavuno ya mvua ya masika huanza kuingia sokoni mnamo Julai na Agosti kutoka sehemu za chini za Nyanza na Busia, kisha hufuata Kakamega na Bungoma, na kuanzia Oktoba hadi Desemba hufika mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu, ambako ndiko ghala kubwa la nchi. Bei kwa kawaida hushuka mavuno yanapofurika na kupanda tena kuelekea Mei na Juni, ghala za wakulima zinapokuwa tupu. Anayeweza kununua gunia moja tu kwa mwaka alinunue mwishoni mwa mavuno ya Trans Nzoia, Desemba au Januari, mahindi yakiwa yamekauka, na alihifadhi kwa ajili ya miezi ile ya bei kali. Kununua mahindi mabichi ya mwanzo wa mavuno kwa sababu tu ni rahisi ni hasara iliyojificha, kwa kuwa unalipia maji, na maji hayo ndiyo yanayoleta kuvu.

Suala la kuvu halihitaji mzaha. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondolewi na kupika, kusaga wala kukoboa mpaka mahindi yang'ae. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nyumbani unaweza kuyapima kwa chumvi: chukua chupa safi ya glasi iliyo kavu kabisa, tia mahindi kiasi cha theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na ni lazima yaanikwe tena juu ya turubali, kamwe yasianikwe juu ya udongo. Punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye harufu ya kuvu zichambuliwe na kutupwa, wala kuku wasipewe.

Baada ya hapo, fukusi na dumuzi ndio adui waliobaki. Mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo huwa na mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida, huuzwa katika maduka mengi ya pembejeo na hukuwezesha kuhifadhi mahindi bila kutia dawa. Unajaza mahindi makavu, unakamua hewa yote, unasokota mdomo wa kila mfuko na kuufunga kwa kamba mbali mbali. Wadudu waliomo ndani humaliza hewa na kufa. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na lisifunguliwe kila siku, maana kila ukilifungua umewapa wadudu pumzi. Kama unalitumia kidogo kidogo, toa debe moja kwa mkupuo na ulifunge tena.

Wasioweza kununua gunia wananunua kwa gorogoro, na hapo macho yanahitajika. Gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya Kimbo au Kasuku wa kilo mbili, ukijazwa mahindi hubeba kilo mbili na kitu, lakini hilo ni kweli kwa mkebe mzima tu. Kabla ya kupimiwa, omba kuushika, uugeuze, kisha pitisha kiganja ndani hadi chini. Kitako kilichobonyezwa kuelekea ndani, mdomo uliokatwa au mbavu zilizopondwa huondoa konzi nzima ya mahindi katika kila kipimo, na ukinunua gorogoro tano umeshapoteza ugali wa jioni moja. Angalia pia namna muuzaji anavyojaza, kwa sababu mahindi yanayomiminwa polepole kutoka juu hukaa kwa ulegevu, ilhali mkebe ukitikiswa kidogo hushuka na kuacha nafasi. Ni haki yako kuomba utikiswe na ujazwe mpaka ufanye kilele. Ikiwa kuna mizani yenye muhuri wa wakaguzi wa vipimo karibu, pima kwa kilo, na maneno yote hayo yaishe.

Njia inayonipendeza zaidi kuliko zote ni ya majirani kununua pamoja. Familia tano zikichanga bei ya gunia moja la kilo 90, kila moja hupata kilo 18 kwa bei ya gunia. Zikiwa na nguvu zaidi, huagiza magunia matano kwa gari moja na kugawana usafiri. Wakubaliane mapema kwamba nauli na ushuru wa soko vinajumlishwa kwenye bei, kwamba ugawaji utafanywa kwa kipimo kimoja mbele ya wote, na kwamba asiyetoa fedha kabla ya siku ya ununuzi hahesabiwi. Akina mama walio katika chama cha kuweka akiba tayari wana daftari na mazoea ya kuaminiana, kwa hiyo wao ndio wanaoweza kulianza jambo hili wiki hii.

Kwenye kisiagi, omba mahindi yasagwe bila kukobolewa ikiwa familia inaweza kuzoea, kwa kuwa unga unaoutoa ni karibu uzito uleule uliopeleka, na kiini chenye virutubisho kinabaki ndani. Unga huo hauwezi kukaa muda mrefu kama ule mweupe, kwa sababu mafuta ya kiini huchacha, kwa hiyo saga wa wiki mbili tu kila mara. Ukikoboa, pumba ni zako na ni chakula cha kuku; usiziache kisiagini. Mahindi yakipanda bei, rudi kwenye unga wa Busia na Siaya, yaani mtama uliochanganywa na muhogo mkavu mweupe usio na madoa ya kuvu. Ugali wake hushibisha sana na huenda vizuri na samaki kuliko ugali mwingine wowote, kwa maoni yangu.

Omena, mgongo wazi na mboga za kienyeji

Anayeishi karibu na ziwa ana bahati ambayo wengi huipuuza. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, kwa sababu mwanga huwavuta, na usiku wa mbalamwezi pevu taa hiyo haifui dafu, hivyo uvuvi hupungua na bei hupanda. Tazama mwezi kabla ya kwenda ufuo wa Dunga au soko la Kibuye: nunua omena wa kutosha wiki nne katika siku za giza, uwaanike tena juani mara moja, kisha uwahifadhi kwenye mfuko wa khaki au kikapu kinachopitisha hewa. Kumbuka vilevile kwamba kwa kawaida uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane, kwa hiyo akiba ya Machi ni ya maana.

Omena mzuri hung'aa kama fedha, hukatika kwa mlio ukimvunja na hana harufu kali. Chukua wachache, watie kwenye bakuli la maji, ukoroge: mchanga utazama chini mara moja na utajua kama walianikwa kwenye nyavu au walitupwa mchangani. Omena wa kuku, ambao ni rahisi zaidi, wasiingie kwenye chungu cha watu. Kuwaandaa, wachambue, wamwagie maji ya moto, wasuuze mara mbili, wakaange bila mafuta mpaka wakauke, na ndipo utie kitunguu, nyanya na mafuta kidogo. Wakikaangwa hivyo mafuta yanayohitajika ni vijiko viwili, wakati omena walioloa hunyonya nusu kikombe. Anayependa mchuzi mzito akoroge kijiko cha njugu zilizosagwa mwishoni, na kitoweo cha watu wanne kitawatosha sita.

Mbuta, yaani sangara, minofu yake huenda viwandani na kusafirishwa nje, na mifupa iliyobaki na nyama yake ndiyo mgongo wazi, ambao mtaa wa Obunga umejulikana kwa kuukaanga na kuuza. Ni protini ya bei nafuu, lakini nunua uliokaangwa siku hiyohiyo na uuchemshe tena kwenye nyanya nyumbani. Kichwa cha mbuta kikipatikana kizima kinatoa supu ya familia nzima, pamoja na nyama nyingi ya mashavuni kuliko mtu anavyodhani akikitazama mezani kwa muuzaji.

Mboga ni kitu cha saa, si cha msimu peke yake. Mama mboga anayebaki na mnavu, saga na mrenda saa kumi na moja jioni anajua kwamba kesho zitakuwa zimenyauka, naye hukuongezea bila kuombwa mara mbili, kwa hiyo mboga za usiku huo zinunuliwe jioni. Nyanya ni tofauti: zile zilizoiva kupita kiasi, masalo, huuzwa kwa bei ya chini sana asubuhi muuzaji anapopanga fungu jipya. Zioshe, kata sehemu zilizooza, zisage au uziponde, zichemshe na kitunguu na chumvi mpaka maji yakauke, na utakuwa na mchuzi wa siku kadhaa kwenye friji, au wa siku mbili tatu bila friji mradi uuchemshe asubuhi na jioni. Nyanya yenye ukungu itupwe yote.

Siku kubwa ya Kibuye ni Jumapili, na bei za mafungu hapo, kama zile za masoko ya Luanda na Ahero, huvutia. Hata hivyo jumlisha nauli. Ukienda Ahero kununua kilo tano za mchele na nauli ikala tofauti yote, umepoteza siku bure. Nenda ukiwa na oda za majirani watatu, au ununue mchele wa kilo 25. Uliza pia mchele uliovunjika, ambao ni rahisi kuliko mzima na hauna upungufu wowote kwa wali wa watoto au kwa uji.

Na mwenye nafasi ya hatua mbili mbele ya mlango atafute magunia mawili, ayajaze udongo uliochanganywa na samadi, na katikati aweke nguzo ya mawe madogo ya kupitishia maji. Kunde na terere huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne hivi, na sukuma wiki huendelea kutoa majani kwa miezi mingi ukichuma ya chini na kuacha kichwa. Maji ya kusuuzia mboga na mchele yanatosha kuzinyweshea.

Maharagwe na moto

Maharagwe, ndengu na kunde ni nafuu kwa kilo kuliko nyama yoyote, lakini watu wengi huniambia kwamba makaa hula faida yote, nao wana haki wakiyapika kama walivyozoea. Dawa yake ni kuloweka na kapu la joto. Chambua kilo mbili za maharagwe Ijumaa jioni na uziloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mengine, injika, na yakichemka yaache yatokote kwa nguvu dakika 20 hadi 30. Usifupishe hatua hii, kwa kuwa maharagwe mekundu yana sumu inayosababisha kutapika na kuhara, na huondoka tu kwa kuchemka kwa nguvu dakika zisizopungua 10; joto dogo la kapu haliwezi kuiondoa. Ipua sufuria ikiwa na kifuniko kinachobana, na uiingize mara moja kwenye kapu kubwa lililotandikwa blanketi kuukuu, vitambaa au majani makavu ya migomba pande zote, kisha uifunike kwa mto mzito. Baada ya saa tatu au nne maharagwe yatakuwa yameiva au yamekaribia, na utayachemsha tena kwa muda mfupi kabla ya kuunga. Sufuria iwe imejaa, maana iliyojaa nusu hupoa haraka.

Maharagwe hayo yaliyoiva Jumamosi yanagawanywa mara tatu. Sehemu ya kwanza huungwa kwa nyanya na kuliwa na chapati jioni hiyo. Ya pili huchanganywa na mahindi yaliyochemshwa kuwa githeri ya Jumapili mchana. Na ya tatu hupondwa na viazi vya Molo au ndizi mbichi za Kisii. Anayetumia magadi ili maharagwe yaive haraka ajue kwamba yanaharibu vitamini B1 na kwamba maharagwe yaliyolowekwa hayayahitaji.

Kwa gesi, punguza moto mara tu sufuria inapochemka, kwa kuwa maji yanayochemka hayawi na joto zaidi kwa kuongezewa moto, na miali inayopanda kando ya sufuria inapasha ukuta. Kwa makaa, tumia jiko lenye udongo ndani, nunua gunia wakati wa kiangazi kabla mvua haijapandisha bei, na chakula kikiiva yafukie makaa yaliyobaki kwa jivu ili uyatumie kesho. Jiko lenye makaa lisiingizwe chumba cha kulala.

Kiamshakinywa na mabaki

Mkate wa kila siku kwa watu sita ni gharama kubwa inayoshibisha kidogo. Viazi vitamu vya Kabondo, nduma, mahindi ya kuchemsha au uji wa wimbi hushikilia mtoto hadi saa sita, na viazi hivyo vinaweza kuchemshwa usiku juu ya moto uleule wa chajio. Uji ukitiwa sukari nguru kidogo hauhitaji sukari nyeupe.

Joto la Kisumu halihurumii mabaki. Wali na githeri visikae mezani zaidi ya saa mbili. Githeri inayobaki ichemshwe mpaka itokote, ifunikwe, na ichemshwe tena kabla ya kuliwa asubuhi. Ikiwa kuna ugali unaotupwa mara tatu kwa wiki, pima unga kwa kikombe badala ya kukadiria kwa mkono.

Visivyopaswa kukatwa, na deni la duka

Maziwa, mayai na samaki wa mtoto aliye chini ya miaka mitano visiguswe, hata katika mwezi mgumu. Hata kidogo humsaidia mtoto huyo, nusu glasi ya maziwa ya kupima na yai mara chache kwa wiki, na omena waliosagwa wanaweza kukorogwa kwenye mboga zake. Mkubwa aliyekosa nyama wiki mbili hapati dhara kama alipata maharagwe. Mtoto hujengwa sasa.

Ikiwa una daftari la deni dukani, lilipe kabla ya kujaribu kununua jerikeni au gunia, kwa sababu anayedaiwa hawezi kuuliza bei ya kilo wala kwenda duka jingine. Mwombe mwenye duka alifunge daftari la zamani kwa jumla moja, lipa kiasi kilekile kila siku ya mshahara, na vitu vipya nunua kwa fedha taslimu hata kama ni kidogo.

Mwisho, angalia kalenda ya shule. Likizo za Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka huleta nyumbani chakula cha mchana ambacho shule ilikuwa ikikitoa, na kwa watoto watatu hilo ni zaidi ya gorogoro moja ya mahindi na nusu ya maharagwe kila wiki. Anza kutenga gorogoro hizo wiki sita kabla ya shule kufungwa, moja kila wiki, kwenye ndoo yenye kifuniko ambayo haifunguliwi mpaka kengele ya mwisho ya muhula.